Nusu ya Neno

Nilipofika bonde la Calder nilikuwa na nusu ya neno.
Nusu yenyewe ilikuwa inakimbia:
fasta, tunavyosema, njoo fasta, rudi fasta,
na nilidhani ndilo lote.

Edna Sugden, aliyenipangisha chumba cha juu,
alinipa nusu ya pili jikoni, kidogo kidogo,
akimenya viazi.

Mumewe, Enoch, alikuwa mtia rangi kiwandani.
Mikono ya buluu hadi viwikoni, hata kanisani.
Mto ulishuka mwekundu Jumatatu, wa kijani Jumanne,
na bata wa pale, aliapa Edna, walijua siku kwa manyoya yao.
Mzee hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na *fast*,
kama mtu mwenye kisu kimoja nyumbani:
hichohicho mkate, hichohicho nyama,
hichohicho kufungulia kopo la rangi.

Anachovya uzi, anaufua kwa sabuni kali,
anausugua juu ya kitambaa cheupe, anangoja.
Kitambaa kinabaki cheupe.
*Fast*, anasema.
Yaani rangi haichuji. Yaani hata ukiiloweka mwaka mzima
haiendi popote.

Na siku hiyohiyo kijana wao Clifford
anapita dirishani kwa baiskeli ya kuazima,
mteremko wote, bila breki.
*Fast*, anasema mzee. Neno lilelile, uso mwingine.

Nikamwuliza Edna: likae na likimbie, neno moja?
Akacheka hadi kiazi kikamponyoka.
Mlango wa banda umevimba kwa mvua, haufunguki: *fast*.
Kondoo wa jirani, kichwa ndani ya uzio,
mbele hapiti, nyuma harudi: *fast*.
Saa ya ukutani iko dakika kumi mbele tangu harusi yao;
kila mtu anazitoa kichwani, na bado wanachelewa.
Beryl wa ofisi ya mishahara, midomo myekundu,
sigara, vicheko na madereva:
kwake hilo lilinong'onwa, halikusemwa.
Na Bi Doyle, Mwairishi wa nyumba ya tatu,
Ijumaa Kuu hagusi hata chai. Nalo ni hilo.

Hapo tu ndipo lugha yangu ilipoinua kichwa.
Kwetu pia kufunga ni kufunga,
mlango na mdomo kwa kitenzi kimoja,
na hakuna anayeshangaa.

Clifford alikwenda Australia fasta, kwa nusu yangu ya neno.
Akaandika Krismasi mbili. Kisha kadi. Kisha hata kadi hakuna.
Kiwanda kikafungwa. Mto ukarudia rangi ya mto,
na bata, nadhani, wakapotewa na kalenda.

Februari ile Enoch alipolazwa, nilikuwepo.
Clifford alitoka stesheni mbio, mvi kichwani,
koti halijafungwa vifungo,
akapanda ngazi mbili mbili.
Nesi akamzuia kwa kidole mdomoni.
*Fast*, akanong'ona.
Yaani mzee amelala fofofo.

Akaketi.
Treni ya saa mbili asubuhi ikaondoka bila yeye,
na ya jioni pia. Edna alimletea chai, ikapoa,
akamletea nyingine.
Sikumwona akitazama saa.

Kisha akafungua skafu shingoni,
ya buluu, uzi wa babake,
iliyofuliwa miaka thelathini kwa maji ya nchi nyingine.
Akachovya pembe yake ndani ya glasi,
akaisugua juu ya shuka la hospitali,
akangoja.